MAJI YANAVUJA, BILI UNALIPA WEWE!

Kijana wa Kasulu, nawe wa Kibondo, unayeamka alfajiri kufunga madumu kwenye baiskeli, hebu tuulizane. Hivi kwa nini milima yetu inanyeshewa kuanzia Oktoba hadi Mei, lakini bomba la mtaani linakoroma hewa tu? Vigogo watakujibu: chanzo hakitoshi, subirini mradi. Watasingizia hata wakimbizi wa Nduta na Nyarugusu, wakati kambi hizo zilichimbiwa visima vyake. Changa la macho hilo!

Ripoti za EWURA zimesema mwaka baada ya mwaka kuwa zaidi ya theluthi moja ya maji yanayozalishwa na mamlaka za maji nchini hupotea bila kulipiwa. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 20.

Yanakwenda wapi? Tundu linalotoa lita moja tu kwa dakika humwaga lita 1,440 kwa siku, yaani madumu 72. Sasa angalia miji ya milimani ilivyokaa: tangi juu, nyumba bondeni. Maji yakiteremka bila kupunguzwa nguvu, bomba la chini linapasuka. Dawa yake wala haihitaji mtaalamu kutoka Ulaya: matangi madogo ya kuvunja nguvu njiani, mita kwa kila eneo, na fundi wa kuisoma saa nane usiku watu wamelala. Ikiendelea kuzunguka kwa kasi saa hizo, basi kuna panapovuja. Na huu mgawo wanaouita kubana matumizi ndio unaoharibu zaidi. Bomba lililokauka likijazwa ghafla viungio vinaachia, hewa inazungusha mita, na wewe unalipia upepo!

Yaliyobaki hayavuji, yanaliwa. Ni mita mbovu, ni waliojiunganishia kinyemela, ni wakubwa wasiolipa huku mama ntilie akikatiwa kwa deni la mwezi mmoja. Mjini Phnom Penh, Kambodia, nchi iliyotoka vitani, mwaka 1993 asilimia 72 ya maji ilikuwa inapotea. Mkurugenzi Ek Sonn Chan alianza na walaji wa ofisini kwake, akafunga mita kwa wote, akawakatia wakubwa. Jenerali mmoja alimwekea bastola. Maji yake yakakatwa vilevile. Upotevu ulishuka hadi kama asilimia 6.

Mwaka 2022 Serikali ya CCM ilisaini mikataba ya maji ya miji 28, Kasulu ikiwemo, kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India. Hatuukatai mradi. Tunauliza: hayo maji mapya yatapita kwenye mabomba yapi? Maana deni utalilipa wewe, yavuje yasivuje.

Diwani wako akiitisha mkutano, acha kugombea kofia na fulana. Nyoosha mkono umuulize: mwezi uliopita zilitoka lita ngapi tangini, na zililipiwa ngapi? Akisema "nitafuatilia," andika tarehe, umrudie mwezi ujao.