Daftari la Marehemu

UWANI KWETU
Na Zuhura Mbwana

Kaka yangu tulimzika Korogwe siku ya Jumatano, baada ya swala ya alasiri. Watu hawajatawanyika makaburini, baba mdogo akatangaza kama ilivyo ada: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa naye asikae kimya. Hadi siku ya hitima, wadai saba walikuwa wameshapita barazani. Wadaiwa, hakuonekana hata mmoja.

Kikabaki kitabu chake cha dukani. Alikuwa akiuza mabati, misumari na saruji, na kila kitu alikiandika mwenyewe kwa kifupi, kama mtu mwenye hakika kwamba kesho atakuwepo kuulizwa. "Mzee wa mbao 340." "Mama J 85, bado nusu." Mimi na wifi tulikaa mkekani tukiukodolea macho mstari ule. Huyo mzee wa mbao alikuwa anadai au anadaiwa? Mwandiko wenyewe, umelalia kulia, ndio ule ule uliokuwa ukiniletea barua nilipokuwa shule ya bweni. Nililia mpaka wifi akalifunga daftari.

Msibani tulikuwa na katibu na mweka hazina. Rambirambi ilisomwa hadharani hadi shilingi ya mwisho: mchele kiasi gani, turubai kiasi gani, kilichobaki kikakabidhiwa. Lakini nilipouliza nani atafungua mirathi, baba mkubwa alinikatiza: "Kaburi halijakauka, mwanangu, ushaanza kuulizia mali?" Tukanyamaza. Huu ni mwezi wa nane. Wifi ametoka eda, duka bado limefungwa, mwenye fremu anataka kodi yake, na fedha iliyo benki haigusiki kwa kuwa hakuna msimamizi. Wadai wanampigia simu wifi, usiku, watoto wakisikia.

Kuulizia madeni ya marehemu si uroho. Katika dini yetu deni hulipwa kwanza, ndipo warithi wagawane. Na sheria ya nchi imeweka njia: familia inakaa kikao na kupendekeza jina, muhtasari na cheti cha kifo vinapelekwa Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi akishateuliwa ana miezi 4 ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni yote. Wazee wetu wanaliogopa neno "msimamizi" wakidhani ndiye anayekabidhiwa mali iwe yake. Sivyo. Anakabidhiwa mzigo, na mahakama inamdai hesabu. Kwa heshima yote, baba mkubwa, ukimya wetu haukumsitiri kaka. Umemwacha na deni ambalo hawezi tena kulilipa.

Kikao ni Jumamosi hii, nyumbani kwa baba mdogo. Nitakwenda na daftari.

Nawe uliyechukua bati kwa kaka yangu, au kwa marehemu mwingine yeyote, ukajua hakuna atakayeweza kulisoma jina lako: wewe mwenyewe unalijua. Nenda kajitaje.