Kaptula ya Kalasinga si kichekesho

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme juu ya jambo ambalo baadhi ya wasomaji wataona ni aibu kuandikwa gazetini, nalo ni nguo ya ndani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, na nisingethubutu kuligusa kama nisingekuwa mmoja wa waliokosea.

Msimu wa kahawa uliopita alikuja huku kwetu Karagwe mzee mmoja Singasinga, au Kalasinga kama wengi tunavyosema, kutengeneza mtambo wa kukoboa kahawa. Alipanga chumba katika nyumba ya wageni iliyo jirani na shule, na kila jioni alifua nguo zake mwenyewe akazianika uani. Kati ya nguo hizo zilikuwamo kaptula mbili nyeupe, pana ajabu, zenye kamba kiunoni mahali pa lastiki. Wanafunzi wangu waliziona kupitia uzio. Mmoja akasema lile ni tanga la mtumbwi, mwingine akasema ni gunia la kahawa. Badala ya kuwakemea nilicheka, na jioni nikaipeleka dhihaka hiyo kijiweni, watu wazima nao wakacheka.

Wiki iliyofuata mzee alipanda pikipiki kutoka Omurushaka kwenda Nkwenda, wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ili akatazame mtambo mwingine. Pikipiki iliteleza njiani, akavunjika mguu wa kulia. Kwa kuwa hakuwa na ndugu huku, nilikwenda kumjulia hali katika kituo cha matibabu alikopelekwa. Nilimkuta amefunikwa shuka, analia. Nilidhani ni maumivu ya mguu, kumbe sivyo. Waliompokea walimkata suruali kwa mkasi, jambo ambalo lilikuwa la lazima, kisha wakaikata na ile kaptula, miguu yote miwili, wakaitupa kwenye ndoo ya taka huku mmoja akiuliza kwa kicheko kama kwao chupi haziuzwi. Aliwasihi kwa Kiswahili safi, maana amezaliwa Mwanza na Kisukuma anakijua barabara. Aliwaomba wamwachie mguu mmoja tu. Hawakumwelewa. Na mimi, Ndugu Mhariri, kama ningekuwa na mkasi mkononi siku ile, nisingemwelewa.

Nilikaa naye mchana kutwa, akanieleza. Nguo ile inaitwa kachera. Ni mojawapo ya vitu vitano ambavyo Guru Gobind Singh aliwaagiza wafuasi wake kuwa navyo alipoanzisha udugu wa Khalsa mjini Anandpur, nchini India, mwaka 1699. Vingine ni nywele zisizokatwa, kitana cha mti, bangili ya chuma na upanga mfupi. Si kila Singasinga anavaa kachera. Anayefungwa na sharti hilo ni yule aliyekula kiapo na kupokea amrit, yaani maji matamu ya kuingizwa katika Khalsa. Wanaume huivaa na wanawake huivaa vile vile, maana kiapo chao ni kimoja.

Nilimwuliza, "Mzee, kwa nini nguo ya ndani, mahali pasipoonekana na watu?" Akanijibu, "Mwalimu, ndiyo maana." Bangili na kilemba huonekana na kila mtu, lakini kachera humkumbusha mwenyewe kwamba tamaa ya mwili ina mipaka, na kwamba amemwahidi mkewe uaminifu. Hata ile kamba tuliyoicheka ina maana kwao. Wapo wanaosema kwamba fundo halifunguki kwa pupa, hivyo mtu hupata nafasi ya kufikiri kabla hajafanya la aibu. Nilijitazama na suruali yangu ya lastiki, nikanyamaza.

Sababu ya pili ni utayari. Zamani wanaume wengi wa India walijifunga dhoti, shuka refu lisiloshonwa. Mtu wa dhoti akitaka kupanda farasi au kupigana, kwanza ashughulike na nguo. Wasomaji wa Pwani wanaoijua taabu ya kukimbia na msuli wataelewa upesi kuliko sisi wa bara. Kachera imeshonwa, ni pana mapajani na inaishia juu ya magoti, kwa hiyo mwenyewe anaweza kuchuchumaa, kupanda ngazi au kuingia chini ya lori bila kujistiri upya. Nilikuwa nimemwona mzee huyo akipanda juu ya mtambo kama kijana, wala sikujiuliza.

Sasa, juu ya ule mguu mmoja. Washika dini wengi hawataki kuwa bila kachera hata kwa dakika moja. Huoga wakiwa wameivaa. Wakati wa kubadilisha, hutoa mguu mmoja katika iliyoloa, wakauingiza katika ile kavu, ndipo wanapohamisha mguu wa pili. Mzee alikuwa amefanya hivyo tangu ujana wake. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu ale kiapo, alikuwa hana kitu, mbele ya watu wanaocheka.

Wengine watasema huu ni ushirikina wa nguo. Lakini je, hapa kwetu hakuna Wakatoliki wanaovaa skapulari chini ya shati, mchana na usiku? Mwislamu mwanamume anapoingia katika ihram ya Hija huvua kila nguo iliyoshonwa, hata ya ndani, akabaki na shuka mbili. Hakuna anayemcheka, tena akirudi tunamwita Alhaji kwa heshima. Mmoja anatii kwa kuvua iliyoshonwa, mwingine anatii kwa kuivaa. Tofauti ni kwamba Mkatoliki na Mwislamu ni jirani zetu, na Singasinga huku kwetu ni mgeni.

Tatizo la siku ile lilikuwa kumpatia nyingine. Kaptula yake ya pili ilikuwa imebaki Omurushaka katika begi la mwenye pikipiki, naye alikuwa amekwisha kuondoka. Mtu mmoja pale alinishauri ninunue nguo za ndani za mitumba mnadani. Kwanza Shirika la Viwango, TBS, limezipiga marufuku, ingawa bado zinauzwa waziwazi. Pili, zingemsaidia nini? Nikanunua kitambaa cha marekani, nikampelekea fundi cherehani wetu. Alikataa, akasema hana kipimo cha nguo ya namna ile. Nikarudi kwa mzee, akanichorea kwa kalamu yangu juu ya gazeti: kiuno kipana mno cha kukusanywa kwa kamba, kipande cha katikati kinachounganisha miguu ili isipasuke mtu akichuchumaa, na miguu inayopungua upana kuelekea magotini. Fundi alistaajabu jinsi inavyokula kitambaa. Lakini alipoelewa kazi, akili yake ikafanya kazi kuliko yangu. Aliuacha mguu wa kulia wazi ubavuni, akashonea tepe za kufungia, ili uvalishwe bila kuusogeza mguu uliovunjika. Mzee alipoivaa aliniomba nitoke nje kidogo. Niliporudi alikuwa amekaa, na ndipo alipokubali kula.

Ndugu Mhariri, ninalotaka kusema kwa wauguzi wetu ni dogo, wala halidai fedha. Mgonjwa akiwa na fahamu, aulizwe kabla ya kuvuliwa. Ikiwa kuna jeraha linaloharakishwa, mkasi ukate upande wa jeraha na mguu wa pili uachwe hadi apatikane wa kumletea nyingine. Akiwa hana fahamu, waokoe maisha yake kwanza, na nguo ihifadhiwe, isitupwe kwenye ndoo.

Kwa walimu wenzangu, nasema ninalojiambia mwenyewe. Katika kipindi cha dini tunawagawa watoto, Wakatoliki huku, Walutheri kule, Waislamu kule, na kila kundi husikia la kwake tu. Hakuna saa ambayo mtoto anaelezwa imani ya mwenzake, sembuse ya Singasinga. Hata hivyo Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa imani, na hao si wageni katika Afrika Mashariki. Waseremala, wahunzi na waashi wao walishiriki kujenga reli ya kutoka Mombasa iliyoanza mwaka 1896. Makhan Singh alidai uhuru wa Afrika Mashariki hadharani Nairobi mwaka 1950, wakoloni wakamweka kizuizini hadi 1961. Dereva yeyote aliyepita Makindu, katika barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, anajua kwamba hekalu lao pale humlisha msafiri bure bila kumwuliza dini.

Niliwakusanya wanafunzi wangu wa Darasa la Sita nikawaeleza haya yote, pamoja na kwamba nilicheka. Mtoto mmoja aliuliza kama wakati wa baridi ile kamba haikati kiuno. Sikuwa na jibu, nikamwahidi kumwuliza mwenyewe.

Mzee amesharudi Mwanza, anatembea kwa gongo. Fundi wetu ameuhifadhi ule mchoro, ameubandika ukutani juu ya cherehani, na Singasinga yeyote atakayepungukiwa akiwa safarini Karagwe au Kyerwa anaweza kushonewa kwa siku moja. Aje tu na kitambaa cha kutosha.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Karagwe, Kagera.