Moja Bila Haiombewi Radhi

Kuna imani imeota mizizi majukwaani na vijiweni: timu kubwa ikiwa nyumbani haitakiwi kushinda tu, inatakiwa iupige mwingi. Ikishinda moja bila, tena kwa kona iliyomgonga beki gotini ikazama wavuni, watu wanatoka uwanjani wamenuna utadhani tumefungwa. “Tumeshinda, ila mpira hatukucheza.” Mimi ni Simba lialia, na nasema imani hiyo ni ya uongo, na uongo wenyewe unatugharimu.

Tuanze na msimu wa 2018/19. Tulipangwa makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika na Al Ahly ya Misri, AS Vita ya Kongo na JS Saoura ya Algeria. Ugenini tulichapwa tano Kinshasa, tano Misri na mbili Algeria, bila kupata hata bao la kufutia machozi. Tulimaliza makundi tumefunga mabao 6, tumefungwa 13. Kwa hesabu za wapenda pira biriani, timu ya namna hiyo ilipaswa kuburuza mkia. Tukaenda robo fainali tukiwa wa pili kwa pointi 9, moja tu nyuma ya Al Ahly.

Pointi hizo zote zilipatikana Uwanja wa Taifa, huu tunaouita leo kwa Mkapa. Saoura tuliwapiga tatu bila, na waliofuata burudani walishiba. Lakini kundi liliamuliwa na mechi mbili za jasho. Al Ahly, siku kumi tu baada ya kutupiga tano, walilala kwa bao moja la Meddie Kagere, kisha jukwaa zima likawa linaangalia saa hadi filimbi ya mwisho. Vita walitangulia kufunga, Mohamed Hussein akasawazisha, tukahangaika mpaka dakika ya 90 ndipo Clatous Chama akamaliza kazi. Tungetoka sare katika mojawapo ya mechi hizo, tungebaki na pointi 7, nyuma ya Saoura waliokuwa na 8, na safari ingeishia hapo. Nani leo anakumbuka tulipiga pasi ngapi?

Aprili 2025 tukarudia somo lilelile. Nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, Amaan, Zanzibar: Simba 1, Stellenbosch 0, faulo ya Jean Charles Ahoua kabla ya mapumziko. Kuna walioguna kwamba bao moja ni akiba ndogo ya kupanda nayo ndege. Wiki iliyofuata vijana wakaenda Durban, wakafunga milango, sare ya bila kufungana, tukatinga fainali ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1993. Bao moja lilitosha kwa sababu lililindwa.

Mtani naye ana la kujifunza, na hapa simcheki. Fainali ya Kombe hilohilo la Shirikisho ya 2023 Yanga walikuwa nyumbani dhidi ya USM Alger, wako nyuma bao moja. Dakika ya 82 Fiston Mayele akasawazisha, uwanja ukalipuka. Dakika mbili baadaye Waarabu wakafunga la pili. Yanga wakaenda Algiers wakashinda moja bila kwa penalti, ugenini, kazi ya kiume, lakini kombe likaenda kwa wenyeji kwa kanuni ya bao la ugenini. Ile 1-1 ya Dar es Salaam, mbaya kadiri unavyotaka, ingewapa ubingwa.

Sasa tuseme ukweli kuhusu hawa wanaodai soka tamu. Wengi hawaulilii mpira, wanaililia Jumatatu. Wanataka kitu cha kumtambia mtani kijiweni, kanzu moja ya kurusha kwenye kundi la WhatsApp. Ndiyo maana Jumamosi hawana subira. Mgeni kaja na watu kumi nyuma ya mpira. Kipa wao kila akidaka analala, beki wao anafunga kamba za kiatu kwa mara ya tatu. Dakika ya 60 beki wetu wa kulia anarudisha mpira kwa kipa ili aanze upya, na jukwaa linamzomea: “Mbele! Mbele!” Mara inayofuata anabutua mbele kweli, mpira unapotea, mabeki wetu wote wameshapanda, na mgeni anapata shambulizi lile moja alilolisubiri tangu asubuhi. Kocha wa timu ndogo anayekuja Dar es Salaam anaijua tabia yetu. Mpango wake ni kufika dakika ya 60 bila kufungwa, kisha mashabiki wetu wamsaidie kazi iliyobaki.

Wapo watakaosema timu inayoshinda kwa kubahatisha itakuja kuumbuka. Sawa. Kocha akiona kiungo hakikabi na mshambuliaji anakosa mabao ya wazi, ampigie kelele mazoezini, na uongozi ufanye usajili dirisha likifunguliwa. Hiyo ni kazi yao, na hakuna anayewaambia waridhike. Ila shabiki anayezomea timu inayoongoza dakika ya 80 hajamfundisha mtu kitu. Amewaongezea hofu vijana waliokwisha kuchoka.

Soka safi nalipenda, na likija nasimama kushangilia kama mwingine yeyote. Lakini kumfungua mtu aliyekuja kujificha, huku muda unakwenda na miguu mizito, kisha kulilinda bao lako moja bila kupaparika, nako ni kuujua mpira. Ligi hutoa pointi tatu kwa goti la beki kama inavyotoa kwa tikitaka. Mtani akikuuliza mlichezaje, mwonyeshe msimamo wa ligi, halafu mwambie akae.