Kabla Hujatoa Malipo ya Awali ya Paa
Masika yakikaribia, simu za mafundi wa kuezeka hazipumziki, na watu wanatoa malipo ya awali kwa mtu wanayemjua kwa jina la utani na namba ya simu tu. Inaniuma kuona mama aliyedunduliza miaka akipanga ndoo sebuleni mvua ya kwanza tu, na namba ya fundi haipatikani. Kwa anayekuja kama kampuni, Tanzania tuna pa kuulizia: Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Makandarasi wa majengo wamepangwa kwa madaraja, la kwanza hadi la saba, na kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina kikomo cha thamani ya kazi. Usiridhike na picha ya cheti kwenye simu; chukua jina la kampuni, lihakiki Bodi kwenyewe, uone kama usajili ungali hai. Cheti hakizuii bati kuvuja, ila kinakupa mtu wa kumdai na ofisi ya kumshtakia. Fundi wa mtaani ni habari nyingine, na wapo hodari kweli; huyo mwombe akuonyeshe paa lake lililokwishapita masika mawili. Panda ngazi uangalie: msumari wa bati la migongo hupigwa juu ya mgongo, si bondeni maji yanakopita. Kisha andikianeni, hata geji ya bati itajwe, maana geji 30 ni nyembamba kuliko 28, na paa likishaezekwa huwezi kuitambua ukiwa chini.