Jengo la Komersiale: Ligeuzwe Kabla ya Kuchimba Msingi



Tangu Pasaka plani ya jengo jipya la seksio ya Komersiale imebandikwa kwenye ukuta wa biro. Kila mutu mwenye kupita anasimama kuitazama, na sisi vilevile. Tulifurahi, hatufichi. Wenye kusoma Komersiale wanajua vile tunakaa: watatu kwa meza ya wawili, na wadogo wetu wanangojea saa saba ya mchana ndiyo waingie, sababu vyumba havitoshi. Basi mutu asifikiri kama tunakataa jengo. Tunalitaka sana. Tunaomba tu ligeuzwe.

Kwa plani hiyo vyumba vyote viko kwa mstari mmoja, na madirisha makubwa ya vioo yanatazama barabara. Barabara yetu iko upande wa magharibi. Saa tisa, saa kumi, jua itaingia moja kwa moja mpaka kwenye ubao. Na saa hiyo ni nani atakuwa mule ndani? Ni wale wadogo wa mchana. Mwezi wa kumi, mbele ya mvua kuanza, ndio mwezi wa joto kupita yote hapa Lubumbashi. Mutoto atafanya hesabu ya debiti na krediti huku anafinya macho.

Tulisimamisha fimbo ya meta moja kwenye uwanja, mwezi huu wa sita, saa sita ya mchana. Kivuli kilianguka upande wa kusini, karibu santimeta 70. Ni kusema jua iko kaskazini. Toka mwisho wa mwezi wa kumi mpaka katikati ya mwezi wa pili inapita kidogo kusini, lakini ni karibu juu ya kichwa. Basi jengo likilala toka mashariki mpaka magharibi, madirisha yakiwa kaskazini na kusini, paa yenye kutoka nje meta moja inatosha kufunga jua. Kugeuza plani hakuombi hata mfuko mmoja wa saruji.

Mzee mmoja wa komite alitujibu: « Wazazi watapita barabarani, wataona ubavu wa shule tu. » Neno lake lina uzito, shule inatafuta wanafunzi. Lakini ubavu huo unaweza kuandikwa jina la shule kwa herufi kubwa. Wengine wanasema joto si kitu, tutaweka klimatizeri. Kwa umeme gani, wapendwa? Umeme wenye kukatika wakati tuko tunapiga mashine kwenye biro?

Kule Nairobi, shule ya biashara ya Strathmore ilianza mwaka 2005, na mwaka 2014 chuo kikuu chenyewe kiliweka juu ya mapaa yake paneli za jua za kilowati 600. Ni nyumba ya Wakatoliki, tunajua, lakini jua ni ya wote. Sisi hatuna feza za namna ile. Tutazame basi Gando, kijiji cha Burkina Faso. Francis Kéré, mutoto wa kijiji hicho, alijenga pale shule ya msingi, ikamalizika mwaka 2001. Walikandamiza udongo wa hapohapo pamoja na saruji kidogo, wakainua tole mbali na dari ili upepo upite katikati. Mwaka 2022 akapewa zawadi ya Pritzker, kubwa kupita zote za wajenzi.

Udongo sisi tuko nao. Vichuguu vya Lubumbashi mutu gani havijui? Tunavivunja, tunafanya matofali, kisha tunakata miti ya kuyachoma, ile ile miti ya makala, na mama zetu wanalipa makala bei yenye kupanda kila siku. Tole nayo, ikiwa mbali na dari, kelele ya mvua itapunguka. Leo mvua ikinyesha mwalimu ananyamaza, tunaandika tu kwa ubao. Tena maji ile inapotea bure: paa ya meta za mraba 400, mvua ya milimeta 10, ni lita 4.000. Vyoo vyetu vinajua wenyewe vile tunakosa maji.

Komersiale tunafundishwa kama bei ya kitu haiishi siku ya kukinunua, iko na bei ya kukitunza. Na katika Luka 14 Bwana Yesu anasema habari ya mutu wa kujenga mnara, mwenye kukaa kwanza na kuhesabu. Komite ilihesabu matofali. Jua haikuihesabu.

Sisi finalisti hatutasoma mule ndani. Kisha Egzamani ya Serikali tutaenda. Fundi ataanza kuchimba mwezi wa nane, kamba bado hazijafungwa. Bwana Prefe, tunaomba dakika 20 kwenye mkutano wa komite. Tutakuja na fimbo yetu.

Kwa jina la makapita wote,
Kapita mkuu, mwaka wa mwisho, Komersiale