Saa Nne Asubuhi, Mbwa Yuko na Nani?

Huku Kilolo baridi ya mwezi wa saba si mchezo, naandika nikiwa nimejifunika blanketi. Mwezi huu tuongee kuhusu mbwa. (Watani zangu, najua mnachotaka kusema kuhusu Mhehe na mbwa. Nimekisikia tangu niko bweni. Leo pumzikeni.)

Kwangu mimi mbwa nusura avunje ndoa. Mwaka jana vibaka waliingia uani usiku, wakang'oa sola juu ya banda la kuku, na kuku wenyewe wakaondoka nao. Baba Junior akaapa kuwa haitatokea tena. Jioni moja akaniwekea simu pembeni ya sahani, nikaona picha ya Rottweiler, kifua kama beseni.

"Huyu ndiye," akasema.

"Baba Junior, huyo akishakula, sisi tutakula nini?"

Akanuna mpaka asubuhi.

Msinielewe vibaya, Rottweiler ni mbwa wa maana. Kwao Ujerumani, kwenye mji wa Rottweil, alikuwa anaswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji. Ila dume lake linafika kilo 50 na zaidi, yaani ni mtu mzima mwenzio. Anataka afundishwe tangu mdogo, atembezwe kila siku, azoeshwe watoto na wageni. Sasa sisi wote wawili tunatoka nyumbani saa moja kasoro na kurudi jioni. Mbwa wa namna hiyo akishinda kwenye mnyororo, siku akikatika usiombe uwe njiani.

Na tulishawahi kuumia. Miaka miwili kabla ya hapo tulimwagiza German Shepherd kutoka Dar. Akaja kwa basi, ndani ya boksi la sabuni, kapandishwa Kitonga hoi. Muuzaji alisema ana miezi miwili na chanjo zote, lakini kadi "nitaituma". Bwana mifugo alipomfungua mdomo na kuangalia meno akatikisa kichwa: hafiki hata wiki sita. Siku ya nne akaanza kuharisha damu, siku ya sita tukamzika chini ya mparachichi. Paavo hiyo. Junior alikuwa na miaka minne, na kwa muda mrefu kila asubuhi alikuwa anabeba kikombe chake cha maziwa anakwenda kumimina pale. Mimi nilikuwa namwangalia dirishani na kushindwa kutoka.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela yako, mtoto wa mbwa awe ametimiza angalau wiki nane. Kadi ya chanjo uishike mkononi, si ya kuahidiwa. Chanjo ya paavo haiishii kwenye sindano moja, inarudiwa mpaka afikishe kama wiki 16. Ukiweza, mwone mama yake. German Shepherd hasa wana tatizo la nyonga la kurithi, mama akiwa anachechemea, mwachie mwenye mali.

Tukarudi kwenye mabishano. Rafiki yangu mmoja akasema chukua Basenji, asili yake misitu ya Kongo, habweki, sauti yake kama vigelegele. Shosti, mimi nimeibiwa kuku, mbwa asiyebweka wa kazi gani? Mwingine akataja Husky, mbwa wa theluji ya Siberia. Afadhali huku kwetu kuna baridi, lakini kuna watu wanawafuga Dar na joto lile! Huo ni ukatili tu, hata kama anapendeza kwenye picha.

Tuliuliza kila mtu, isipokuwa dada anayetusaidia kazi. Jioni moja anaosha vyombo, akasema polepole bila kugeuka, "Mama Junior, mbwa mkubwa akija, mimi naomba nirudi kwetu."

Kumbe aliumwa na mbwa akiwa darasa la pili. Ana kovu kwenye paja, wala sikulijua kwa miaka mitatu aliyokaa kwangu. Nyumbani walimpaka majivu wakanyamaza. Ana bahati ya Mungu kuwa hai, maana kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, kupona ni kama hakupo. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachome chanjo.

Basi nikaona haya. Saa nne asubuhi nyumbani kwangu kuna dada na Junior tu. Huyo mbwa ni wao. Mimi na mume wangu tunamkuta jioni, kama wageni.

Jumamosi tukaenda wote wanne kwa baba mkwe, kule pembezoni mwa milima ya Udzungwa. Yeye ana mbwa wa kienyeji watatu, hawana jina la kizungu, na ngedere hawagusi mahindi yake. Wana manyoya mafupi, umbo la kati, wanakula ugali na dagaa. Mmoja alikuwa amezaa. Baba Junior akamtaka dume lenye kichwa kikubwa. Nikamkanyaga mguu. Tukamwachia dada achague, akakaa chini mbali kidogo, mikono imefungwa, mpaka kajike kamoja ka rangi ya udongo kakaja kenyewe kakanusa kandambili zake.

Tulirudi kukachukua kalipotimiza wiki nane. Kalipofika miezi mitatu tukakachoma chanjo ya kichaa, inayorudiwa kila mwaka. Banda tumelinyanyua juu ya mbao na kuweka magunia, kwa sababu baridi ya Kilolo haina mwenyeji. Jina lake Simba, Junior hakukubali jingine, jike au si jike.

Juzi usiku kamebweka, vibaka wakageukia getini. Baba Junior akatoka na tochi kukasifia, kakampita, kakaenda kukaa mlangoni kwa dada.