Land Rover yetu isiyeyushwe kuwa sufuria

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama mnaobaki nyumbani mukingojea simu: kwenye mkutano wa mwisho kulisemwa kama ile Land Rover ya zamani ya koperative iuzwe. Mnunuzi mmoja wa vyuma alikuja kuiangalia, akaizunguka mara mbili, akataja bei kwa kilo. Kwa kilo, sawa vile mihogo! Tunajua alumini yake itaenda wapi: itayeyushwa, itamwagwa ndani ya udongo, itarudi sokoni ikiwa sufuria. Sisi wa sendika tunasema hapana, na tunaomba mutusikilize mbele ya kuinua mikono.

Kila mtu wa Mumosho anajua ile gari inafanya kazi gani. Siyo ya kutembeza wakubwa. Shimo likibomoka, mtu akiumia mgongo, moto haiwezi kumbeba. Tumesha kuona ndugu yetu akifungwa na kitenge kwenye mgongo wa motari, mguu unaning'inia, mpaka Panzi. Mwengine alibebwa na kipoyi mpaka barabarani, mvua juu yake. Ndani ya Land Rover mtu analala, na ndugu yake anakaa pembeni akimshika mkono.

Msimu wa mvua uliopita iliteleza kwenye matope, ikapiga ubavu wa kushoto kwenye ukingo wa njia. Injini haikuguswa. Lakini ubavu ulibonyea, nguzo ya mlango wa nyuma ikasukumwa, na tangu siku ile mlango haufungike. Tunaufunga na kamba. Njo ile bonyeo watu wanaita "gari imekufa".

Na tuseme ukweli, kosa moja ni letu. Tuliipeleka kwa garaji moja bila kuuliza kama wanajua alumini. Walichukua marto ya chuma, wakapiga katikati ya bonyeo kwa nguvu zote, kisha wakajaza mastike nene sawa kidole, wakapaka rangi. Miezi miwili haikupita, mastike ikaanguka barabarani. Feza ya memba ikaenda na mastike.

Kisha tulimpata mzee mmoja tolie, pale Bukavu, ambaye tangu ujana wake alinyoosha karoseri za Land Rover. Alitucheka kwanza. "Batoto yangu," akasema, "munajua kwa nini hii gari haina kutu kwenye ubavu?" Akatueleza: Land Rover ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, kisha vita, wakati chuma kilikuwa haba lakini alumini ilikuwako. Njo sababu karoseri ni alumini, na shasi ni chuma. Mtu asiyejua ile tofauti ataharibu vyote viwili.

Alumini ukiipiga inakuwa ngumu. Ukiendelea kupiga inapasuka, ao inatanuka na kubaki ikicheza, unaisukuma huku inatokea kule, pah! Lazima kwanza uilainishe na moto. Lakini moto wa alumini ni mdanganyifu: chuma kinakuwa chekundu, unaona, alumini haibadilike rangi, inafika digri 660 inayeyuka mbele yako kama siagi. Mzee alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akapakaa kwenye bonyeo, akapitisha shalimo polepole, kwa mbali, bila kusimama pahali pamoja. Sabuni ilipokuwa ya kahawia karibu nyeusi, akatoa moto. Basi. Sabuni njo ilikuwa kipimo chake.

Alipoacha ikapoa, akaweka mfuko wa mchanga nyuma, akachukua nyundo ya mbao, akaanza kwenye mipaka ya bonyeo, akizunguka kuelekea katikati. Mapigo madogo madogo. Sisi wa masse na burini tulikuwa tunaona aibu: mikono yetu haijui kupiga polepole. Kwa nusu saa kipande sawa sahani kilikuwa kimerudi, na mkono ukipita juu yake hausikie kitu. Hakutumia mastike hata kidogo. Alituonyesha tena pahali alumini inagusa chuma: maji yakiingia kati yao, alumini inageuka unga mweupe. Inapaswa kuweka kipande cha shambreri katikati mbele ya kupiga rive, na kupaka apre ya alumini, juu ya rangi ya kawaida inabanduka.

Wenye kutaka kuuza wanasema: shasi imeoza, mnapamba maiti. Neno hilo lina uzito, na tulilichunguza. Tulilala chini ya gari na mzee, akagonga shasi yote na nyundo ndogo. Pahali pazima panalia, pahali pabovu panafanya "tub". Kulikuwa pahali pamoja, chini ya nguzo ya nyuma. Pale patakatwa na kusudiwa upya, na ile kazi ifanywe mbele ya ubavu, siyo kisha. Kama angepata tatu ao ine, sisi wenyewe tungesema iuzwe.

Sasa tunataka nini? Code minier ya 2018 inatulazimisha tuwe ndani ya koperative. Basi koperative ifanye kazi ya koperative. Mzee alipwe kwa hatua: shasi, kisha ubavu, kisha mlango, na kila hatua iangaliwe na memba watatu mbele ya feza kutoka. Vijana wawili wetu wakae pembeni yake tangu siku ya kwanza, wale ambao kifua hakiwaruhusu tena kushuka shimoni. Mzee amekubali kuwafundisha. Alisema tu wasilete marto ya chuma. Na yule aliyeleta mnunuzi kwenye mkutano atuambie, mbele ya wote, kama aliahidiwa kitu. Hatumshitaki. Tunauliza.

Kura ni siku ya yenga, kisha misa, kwenye uwanja wa kawaida. Wamama wa wachimbaji hawana karte ya koperative, lakini wao njo wanakaa nyuma ya ile gari wakishika vichwa vya wagonjwa. Tumeomba wapewe neno mbele ya kura. Komite haijajibu mpaka leo, na mlango bado uko na kamba.